Gari ya nitro ya kwanza ukiwa Dodoma: anza na mafuta na vumbi, kasi itakuja baadae

Mdogo wangu, mbukwenyi. Swali lako nalirudia kwa kifupi ili na wengine wafuate. Uko Nkuhungu, umejichanga milioni moja na laki mbili, unataka gari yako ya kwanza ya rimoti ya nitro, yani ile yenye injini ya kweli inayotoa moshi na mlio, sio ya betri. Umeuliza vitu vitatu: ununue ipi, ubadilishe nini kwanza ili ikimbie zaidi, na kama ni kweli alivyokwambia jamaa yako kwamba mafuta yakisumbua unachanganya tu petroli na oili ya tuuti (2T, ya injini za tu-stroki) maisha yanaenda.

Naanza na hilo la mwisho maana ndo litakalokula hela yako yote. Sio kweli. Injini hizi hazina plagi ya kupiga cheche kama ya bodaboda, zina plagi ya kuwaka, ndani yake kuna kauzi kembamba kenye platinamu kamejikunja kama springi. Wakati wa kuwasha unakapasha moto na kiwashio cha betri cha volti 1.2 mpaka 1.5, injini ikishika unakitoa kabisa na injini inaendelea kunguruma yenyewe. Inaendeleaje bila umeme? Methanoli iliyopo kwenye mafuta ikigusana na platinamu inazalisha joto, joto hilo pamoja na lile la mlipuko uliopita linaweka kauzi kakiwa kekundu muda wote. Petroli haifanyi hivyo na platinamu. Ukiweka petroli utavuta kamba ya kuwashia mpaka mkono ufe ganzi, na ikitokea imekohoa ukadhani inataka kushika, itazima hapo hapo, na mipira ya tanki na mipaipu ya silikoni inaanza kuvimba. Huyo jamaa yako labda aliona zile gari kubwa za skeli ya 1/5 (yani ndogo mara tano kuliko gari ya kweli) kama HPI Baja 5B, zile kweli zinakunywa petroli ya sheli iliyochanganywa na oili ya tuuti kwa sababu zina injini ya sisi (cc) 23 na kuendelea yenye plagi ya cheche kama ya mashine ya kukatia miti. Ni mnyama mwingine kabisa, na bajeti yako haimfikii.

Kwa iyo mafuta ya nitro ni methanoli kama mwili mkuu, nitromethani kati ya asilimia 10 na 30 hivi, na oili, ya mnyonyo au ya sintetiki au zote mbili. Oili ndo kila kitu maana injini ni tuuti, haina sampu ya oili, inalainishwa na hicho hicho inachokunywa. Nitromethani yenyewe inabeba oksijeni ndani yake ndo maana injini inaweza kuchoma mafuta mengi zaidi kwa hewa ile ile na nguvu inapanda. Ukiona mafuta kutoka Ulaya yameandikwa 16% usidhani ni ya kiwango cha chini, kule sheria ya Umoja wa Ulaya iliweka kikomo hicho kwa mnunuzi wa kawaida kuanzia Februari 2021. Na hayo 16% kwa gari ya kwanza yanatosha sana, mi mwenyewe mpaka leo siendi juu ya 25.

Sasa sikiliza hapa kwa makini kabla hujatuma hela ya gari kwa mtu yeyote. Haya mafuta ni kimiminika kinachoshika moto, hayapandi ndege kama kifurushi cha kawaida, yanakuja kwa meli na wenye utaratibu wa mizigo ya hatari. Gari utaagiza itafika, spea zitafika, halafu unakaa na gari kabatini miezi sita unaipangusa vumbi. Nimeona watu wawili hapa hapa Dodoma imewakuta hiyo na mmoja aliishia kuuza gari haijawahi kuwashwa hata siku moja, iliniuma mimi kama ni yangu. Kwa iyo hatua ya kwanza ni mafuta. Tafuta muuzaji Dar au Nairobi, muulize analo galoni sasa hivi dukani au ni la kuagiza, lina asilimia ngapi za nitro na ngapi za oili, limefunguliwa lini. La mwisho hilo ni muhimu kwa sababu methanoli inanyonya maji kutoka hewani, chupa ikikaa wazi mafuta yanalewa maji na injini haitulii hata ufanye nini. Mimi nilishauziwa lita nne za namna hiyo, nikashinda wiki mbili nachokonoa kabureta nikidhani tatizo ni mimi.

Na kabla ya kununua ujue yanaishaje. Gari ya 1/10 ina tanki la kama sisi 75, ya 1/8 ni 125. Tanki la 125 linakupa dakika nane hivi za kukimbia, kwa iyo galoni la lita 3.8 ni matanki kama 30, hayo ni masaa manne tu. Piga hesabu mwenyewe kama mfuko unakubali kila mwezi. Kama haukubali, nakwambia kwa upendo, chukua ya betri ya brashilesi (yenye mota isiyo na brashi), inaipita ya nitro hata kwa kasi na utaicharji nyumbani. Ila kama kinachokuvuta ni ule mlio na harufu na kujua mambo ya injini, endelea kusoma, maana hakuna kitu cha betri kitakachokupa hiyo.

Kuhusu usalama wa mafuta ntasema mara moja ila ulichukulie serious. Methanoli ni sumu, kiasi kidogo tu mtu akinywa kinaweza kumpofusha au kumuua, na rangi rangi ile ya pinki au ya kijani wanayoweka inafanana kabisa na juisi. Usiyaweke kwenye chupa ya maji wala ya soda hata kwa dakika tano, nyumba zetu hizi zina watoto na chupa ya maji kila mtu anaichukua anakunywa. Usivute kwa mdomo na mpira. Na moto wake mchana wa jua kali hauonekani vizuri, unaweza kuona hewa inatetemeka tu kumbe mkono unaungua. Ukimwagikiwa, osha na maji mengi. Na tafadhali usipande na mafuta haya kwenye basi wala treni.

Haya, gari ipi. Namba unazoziona .12, .15, .18, .21, .28 ni ujazo wa injini kwa inchi za ujazo, .18 ni kama sisi 3, .21 ni sisi 3.5, .28 ni sisi 4.6. Kwa kuanzia usiguse .28. Inavunja vitu haraka kuliko unavyojifunza kuvitengeneza.

Kwa hela yako naona njia mbili. Ya kwanza ni HSP mpya ya 1/10 yenye injini ya .18, za Kichina, unazikuta zinauzwa kwa majina mengi tofauti lakini chini ni mashine ile ile, na huo ndo uzuri wake, spea zinaingiliana na hazina bei ya kutisha. Chuma chake ni laini kidogo, skrubu zake zinalika vichwa kama una alenkii mbovu, na rimoti inayokuja nayo ni ya kawaida sana. Ila utajifunzia vizuri. Njia ya pili ni yuzdi ya Traxxas, Revo 3.3 au T-Maxx 3.3 (hiyo 3.3 ni sisi za injini), au bagi ya 1/8 ya Kyosho Inferno, hizi ni gari zilizotengenezwa kweli kweli, kampuni ya Kyosho ipo tangu 1963, na ukipata moja iliyotunzwa utakaa nayo miaka. Mpya zenyewe pamoja na mafuta na vifaa bajeti yako itapumulia mashine, usilazimishe.

Kati ya umbo la bagi na la monsta, kwa viwanja vyetu vya mashimo na mawe ningechukua monsta (ya tairi kubwa) au tragi (mseto wa bagi na monsta), tumbo liko juu. Miiba isikutishe, tairi za hizi gari hazina upepo, ndani ni sponji, mwiba unaingia unatoka gari inaendelea na safari. Kinachosumbua ni majani makavu yanayojiviringisha kwenye ekseli, hayo toa kila mara.

Ukienda kuangalia yuzdi usidanganyike na bodi inayong'aa wala video ya WhatsApp. Toa plagi, zungusha flaiwili (gurudumu zito la injini) kwa kidole taratibu wakati injini ni ya baridi. Pistoni ikifika juu kabisa inatakiwa ibane, ikwame kama inakataa kupita. Injini nyingi za hivi hazina ringi, pistoni ni ya aluminiamu na slivu (bomba ambamo pistoni inapanda na kushuka) ni ya brasi iliyopakwa kromiamu, na slivu imebana kidogo upande wa juu makusudi ili ikipata moto itanuke ikae sawa. Ukizungusha ikapita kama mlango usio na kitasa, imekwisha hiyo, anachokuuzia ni boksi. Halafu toa filta ya hewa uchungulie koo la kabureta na tochi ya simu. Ukikuta vumbi jekundu ndani, sema asante uondoke, hata kama amepunguza bei, kwa sababu vumbi likishapita hapo limeshasaga kila kitu kuelekea chini. Mwisho shika flaiwili uitikise, ikilia kokoto kokoto beringi zimeshika kutu.

Ya kununua gari toa laki saba isizidi. Ile laki tano usiione kama chenji, hiyo ndo itakayofanya gari itembee: mafuta, plagi nne za akiba, kiwashio na chaja yake, betri za risiva (kile kinachopokea mawimbi ya rimoti), chupa ya kujazia, seti nzuri ya alenkii, sponji za filta tatu na oili ya filta, na ukiweza kipima joto kile cha kuelekeza kama bastola.

Sasa hapa kwenye kubadilisha vitu ndo najua ulikuwa unasubiri, na najua unataka nikwambie paipu ya ekzosi, injini kubwa, aluminiamu ya rangi ya bluu. Subiri kwanza. Dodoma yetu unaijua, kuanzia Mei mpaka Oktoba mvua karibu hakuna, na Agosti na Septemba upepo ule unanyanyua vumbi mpaka ukitoka Nzuguni kwenda mjini nguo nyeupe inabadilika rangi. Injini ya .18 inaweza kufika mizunguko elfu 30 hivi kwa dakika, inavuta hewa kama ina kiu, na vumbi letu ni laini kama unga wa sembe. Chembe zikipita zinakuwa msasa kati ya pistoni na slivu. Injini yangu ya kwanza niliiua hivyo, jioni moja ya Septemba, kiwanja cha wazi, filta ilikuwa imekaa upande kidogo tu na sikuiona. Matanki mawili. Kompresheni ikaisha, nikavuta kamba inakuja laini kama navuta uzi wa kishada.

Kwa iyo badiliko la kwanza kabisa kwenye hela yako ni filta ya hewa nzuri ya sponji mbili, ya nje yenye matundu makubwa na ya ndani yenye matundu madogo. Na sponji kavu haifai kitu, lazima uipake oili ya filta, uweke ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na oili, uikande kande kama chapati mpaka rangi iwe moja kote, halafu ukamue inayozidi. Shingo ya filta inapokaa kwenye kabureta paka grisi kidogo kwa ndani halafu funga na zipu tai mpaka isizunguke. Mimi kiangazi nabadilisha kila tanki la tatu au la nne, ndo maana nasema uwe nazo tatu zimeshapakwa zinakusubiri kwenye mfuko. Zile chafu unaosha nyumbani na maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ukaushe kabisa kivulini, upake tena. Kifaa hiki kidogo ndo kinaongeza maisha ya injini kuliko kitu kingine chochote utakachonunua.

La pili ni kuhakikisha gari haikutoroki. Watu hawapendi kusikia hili maana haliongezi kasi. Gari ya nitro betri za risiva zikiisha ikiwa kwenye resi kubwa haizimi, inabaki na resi ile ile uliyoiacha, kilo mbili tatu za chuma zinakwenda kilomita 50 au 60 kwa saa hazina dereva. Ilinitokea Iyumbu, ikapita katikati ya mbuzi, ikagonga jiwe, nyonga yote ya mbele ikaachana na chesisi, na nilimshukuru Mungu kwamba lilikuwa jiwe. Tangu siku ile siwashi gari isiyo na vitu vitatu. Kimoja ni springi ya kurudisha mkono wa kabureta, springi ndogo tu inayovuta kabureta ijifunge kama sarvo (kamota kanakovuta kabureta) imekufa. Cha pili ni feilisefu kwenye risiva, rimoti nyingi za 2.4 gigahezi zinayo, ukipoteza mawimbi inavuta breki yenyewe. Ijaribu injini ikiwa imezimwa: washa vyote, shika trigga ya mafuta, zima rimoti, angalia mkono wa kabureta unaenda wapi. Ukienda kwenye breki umepona. Ila kumbuka feilisefu nayo inatumia betri ile ile, betri ikifa imekufa nayo, ndo maana springi lazima iwepo. Na cha tatu toa lile boksi la betri nne za duka la Mangi uweke paki moja ya nikeli ya volti 6 ya kucharji, haichomoki kwenye mashimo na inashika chaji. Ukitaka lipo (betri ya lithiamu) ya volti 7.4 hakikisha kwanza sarvo na risiva zako zinaivumilia, la sivyo weka regyuleta ya kushusha volti.

Na jua jinsi ya kuizima. Kutoa kiwashio hakuzimi, nimeshakueleza kwa nini. Bana mpaipu wa mafuta, au ziba mdomo wa ekzosi na tambara nene, au igeuze usimamishe flaiwili kwa chini na soli ya kiatu. Sio kidole.

Baada ya hayo mawili ndo sarvo ya usukani, ya gia za chuma, maana ya plastiki inasaga meno ukigonga ukingo wa kiwanja mara ya pili. Halafu beringi za kengele ya klachi, hizi zinakufa kimya kimya, ziangalie kila baada ya galoni moja. Oili za shokapu kwa joto la Oktoba weka nzito hatua moja kuliko ya kiwandani. Plagi, chukua ya joto la kati kama OS No. 8 kwa injini ya kawaida, ila hakikisha hed yako ni ya plagi ya kawaida sio ya tabo (yenye ncha ya koni), hazibadilishani. Aluminiamu acha. Mkono wa plastiki unaoshika tairi ukigonga unapinda unarudi, wa aluminiamu unapinda haurudi na nguvu inahamia kwenye kitu cha ndani cha bei zaidi. Paipu na injini kubwa tuongee mwakani.

Kuna kasi ya bure ambayo wengi wanaiacha mezani, nayo ni kuseti kabureta kulingana na Dodoma. Hapa tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia kumi ukilinganisha na Dar. Mafuta yanayoingia ni yale yale, hewa imepungua, kwa iyo gari iliyosetiwa pwani ikifika huku inakuwa imezidiwa mafuta, inakohoa, inatapika oili kwenye ekzosi, na mwenye gari anasema nimeuziwa mbovu. Sio mbovu. Funga sindano ya kasi kubwa (skrubu ya kabureta inayopima mafuta resi ikiwa juu) kidogo kidogo, kufunga ni kuelekea kulia, na kidogo namaanisha kama mshale wa saa unavyotoka namba 12 kwenda namba 1, basi. Kimbiza kidogo, usikilize, uone moshi. Moshi wa rangi ya bluu kidogo lazima uwepo muda wote, siku ukikosa moshi achia trigga mara moja. Joto la hed kwenye plagi nataka lisipite digrii 120, kama huna kipimo dondoshea tone la maji, likichemka taratibu kwa sekunde tatu nne uko sawa, likilipuka kutoweka papo hapo imekosa mafuta, inajiua. Sindano ya sailensi, ile ya resi ya chini, unapima hivi, gari ikiwa imetulia imesimama bana mpaipu wa mafuta karibu na kabureta, inatakiwa iendelee sekunde tatu au nne, ipandishe resi kidogo halafu izime. Ikizima hapo hapo mafuta ya chini ni kidogo mno, ikikaa sana ni mengi mno. Na siku zote ukosee upande wa mafuta mengi, injini yenye mafuta mengi inakimbia vibaya, yenye mafuta kidogo inanoki.

Lakini hayo yote ni baada ya kuizoesha injini mpya, matanki matano au sita ya kwanza. Wengi wanakosea wakidhani kuzoesha ni kuiacha ingurume pole pole ikiwa baridi. Ile slivu imebana juu, nimekwambia, na haitanuki mpaka ipate moto, ukiiendesha baridi inajisugua. Hasa ukianza asubuhi ya Julai na ile baridi yetu, funika hed na foili ya jikoni mpaka ifike digrii 90 hivi, mafuta yakiwa mengi kuliko kawaida, resi juu chini juu chini, usishike trigga mpaka mwisho hata sekunde mbili. Baada ya kila tanki izime, zungusha flaiwili mpaka pistoni iwe chini kabisa, iache ipoe yote. Ukiiacha pistoni juu, slivu inapoa inaibana na kesho yake unavuta kamba mpaka inakatika. Ya kamba nayo, vuta vifupi vifupi kama sentimita 30, na ikikataa kuvutika usitumie nguvu, imejaa mafuta hiyo, toa plagi, geuza gari, vuta mara tano yatoke.

Jioni kabla ya kuirudisha ndani usiache mafuta kwenye tanki. Mwaga, iwashe mpaka inyonye ya mwisho izime, weka matone ya oili nyepesi kupitia tundu la plagi na koo la kabureta, izungushe. Methanoli ile inayopenda maji inabaki kwenye beringi inatengeneza kutu kwa usiku mmoja tu.

Najua utauliza pia pa kukimbizia. Nenda kiwanja cha mpira cha mtaa alfajiri ya Jumapili kabla upepo haujaanza na kabla watoto hawajajaa, ongea na mwenyekiti wa mtaa mapema kuhusu kelele, na kaa mbali na barabara. Siku utakayotaka kuipeleka Dar kwa SGR ukaoneshe binamu zako, beba gari ikiwa kavu bila mafuta, na ukifika kule ufungue sindano kabla hujaiwasha, maana seti yako ya Dodoma ukishuka nayo kwenye hewa nzito ya pwani itakuwa na mafuta kidogo na itapanda joto ndani ya dakika mbili. Andika kwenye daftari umefungua kiasi gani, urudishe ukirudi.

Wiki hii usinunue chochote bado. Ulizia mafuta tu, ukishapata mtu mwenye nayo nitumie asilimia ya nitro na ya oili iliyoandikwa kwenye chupa, ntakwambia kama yanafaa kuzoeshea injini mpya, na tukishamaliza hilo ndo unionyeshe picha za gari unazozitaka.